Lebo za Haji Inayat

Mume wangu ana mkono mkubwa. Sisemi kwa kumtukana, mkono huohuo ndio uliotulisha. Miaka ishirini na minane alipaka mabango ya sinema hapa Lahore, nyuso za waigizaji zilizopita ghorofa mbili kwenda juu, na jicho moja tu la mwigizaji wake lisingepita kwenye mlango wetu. Mpe ukuta na ndoo za rangi asubuhi, alasiri haijaingia utaona mwanamke analia, na machozi yake utayahesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Lakini mpe kikadi cha ukubwa wa kiganja umwambie achore ua. Atakupa yai lililokanyagwa.

Nayasema haya mapema ili mjue kwa nini nilikasirika, maana nikishaanza kukasirika huwa sirudi nyuma kueleza.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, niko jikoni nakwangua karela, mboga ile chungu. Mlango ukagongwa, Baba Nadra akaenda kufungua. Nadra ni binti yetu, ameolewa Multan, na tangu azaliwe mimi na mume wangu tunaitana kwa jina lake, Baba Nadra na Mama Nadra. Kabla yake tulikuwa tunaitana "we, sikia". Mke hamtaji mumewe jina, na mume naye akimtaja mkewe mbele ya wanaume wenzake watamwona kama amevua nguo sokoni. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kuona tabu.

Aliyekuja ni msichana wa chuo cha sanaa, Mahrukh jina lake, nywele fupi, miwani mikubwa, viatu vya kukimbilia. Nilimchungulia pembeni ya pazia. Alitoa kwenye mkoba kitu kilichoviringishwa kitambaa, akakifungua taratibu kama anafungua vito vya harusi vya bibi yake. Ilikuwa kaseti ya gemu, ile ya plastiki ya njano ambayo watoto walikuwa wakiichomeka kwenye mashine ya televisheni miaka ya tisini.

"Fundi Sharafat," akasema, "nimekutafuta mwaka mzima. Nimezunguka mtaa wote wa Royal Park, kila fundi wa mabango ananiambia umeshakufa."

"Hao wanatamani tangu zamani," akasema Baba Nadra.

Msichana akacheka. "Jina lako liko hapa, kwenye kona ya lebo. Tumekusanya lebo thelathini na moja, zote zina jina hili. Ni wewe uliyezichora?"

Kisu changu kikasimama katikati ya karela. Nikasubiri.

"Zimetoka kwangu," akasema.

"Zote?"

"Zote, binti."

Na chai ya mgeni nani aliipeleka? Mimi. Niliingia na sinia nikaliweka mezani kwa kishindo kidogo, biskuti zikaruka. Mahrukh akasema asante mama, akarudi kumtazama yule bingwa wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wangu mimi nguo zake nazifua kwa mikono yangu.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwaka wa tisini sinema zilikuwa zinakata roho. Watu walikodi kanda wakatazama nyumbani, na mwenye jumba la sinema hawezi kumwita fundi apake bango la filamu itakayotazamwa na paka. Baba Nadra alikaa miezi minne bila kazi, anazunguka uani kama jogoo aliyefukuzwa jaani. Ndipo akaja Haji Inayat, Mungu amrehemu, mwenye duka la televisheni Hall Road. Haji alikuwa akipokea kaseti za gemu kwa magunia, kutoka alikokujua mwenyewe, plastiki tupu, hazina jina wala picha. Mtoto gani atanunua plastiki tupu? Akaleta vikadi na orodha ya majina, akataka lebo, na baadaye akataka na maboksi ya kuzitia.

Baba Nadra alijaribu siku tatu. Nilikuwa namwona ametoa ulimi, jasho linamchuruzika, brashi imepotea kwenye vidole vile. Siku ya nne akaacha vikadi mezani akaenda kulala mchana. Mimi mama yangu alikuwa akichora nakshi kwenye vitambaa kabla havijatarizwa, na tangu nina miaka saba nilikuwa nikimsaidia. Mstari mwembamba kama unywele kwangu si kazi. Nikachukua brashi ya manyoya ya kindi. Alipoamka akakuta lebo tatu zinakauka dirishani.

Akaziinamia. "Nani kachora hizi?"

"Paka," nikamwambia.

Akazipeleka dukani, na kesho yake Haji akaja mwenyewe na vikadi arobaini. Nilimuuliza nikiwa nyuma ya mlango, ndani ya hizo kaseti kuna nini, nijue nachora nini.

"Shemeji, wewe chora tu. Ndani kuna ndege inapiga ndege. Zote ni ndege inapiga ndege."

"Na hii Daktari wa Radi?"

"Ndege inapiga ndege."

Majina aliyatunga yeye, anachukua maneno mawili ya Kiingereza anayagonganisha: Daktari wa Radi, Nyati wa Chuma wa Tatu, Malkia wa Mapaa wa Saba. Nikamuuliza, huyo malkia wa saba, sita waliomtangulia wako wapi? Haji akasema, "Ukimwandika wa kwanza, mteja atasema bado hajajaribiwa. Wa saba, shemeji, huyo ni mtu mwenye ukoo."

Basi nikachora. Gemu lenyewe sijaligusa mpaka leo. Lakini nyuma ya kila boksi Haji alitaka picha nne ndogo za kuonyesha mchezo unavyochezwa, kwa hiyo ilibidi niucheze kwanza kichwani. Malkia wa Mapaa nilimkimbiza juu ya nyumba za mji wa kale, kutoka lango la Mochi hadi lango la Delhi, hashuki chini hata mara moja. Anaruka kamba za nguo, anapita katikati ya mabanda ya njiwa, na ndani ya tangi la maji la kila nyumba kuna zimwi. Picha ya nne nilimfikisha kwenye paa la mwisho. Sikujua baada ya hapo anakwenda wapi, nikamchorea ngazi.

Niwaambie kweli, ile miaka tisa naikumbuka kuliko harusi yangu. Wakati wa baridi nilikuwa nachorea juu ya paa, jua linanipiga mgongoni, kando yangu machungwa yaliyonyunyiziwa chumvi, Nadra anaandika kazi zake za shule na redio ya jirani inaimba bila kuombwa. Kwenye baa la joto nilishuka chini, nikaweka kitambaa kibichi shingoni, na umeme ukikatika nilisubiri jasho likauke mkononi ndipo niguse kadi. Baba Nadra akirudi kwenye vibarua vyake vya rangi ananukia tapentaini analala kifudifudi kitandani, anachukua lebo anaitazama kupitia kitako cha glasi kwa sababu kioo cha kukuzia hatukuwa nacho.

"Mama Nadra, hili zimwi la kwenye tangi."

"Lina nini?"

"Si mama huyu?"

"Mama yako ana masharubu?"

"Ukimweka kwenye mwanga," akasema, akacheka mpaka kitanda kikalia.

Nilikuwa nampenda sana siku hizo. Nampenda na sasa, lakini siku hizo ilikuwa rahisi.

Na ile saini ya kwenye kona niliiandika mimi. Hapo sitamsingizia mtu. Katika kazi ya mabango chochote kinachotoka kwenye karakana kinabeba jina la fundi mwenye karakana, hata kama brashi alishika mwingine. Na jina la mwanamke wa nyumbani lizungushwe sokoni, kila mwuza betri alisome? Mama mkwe angenitoa roho. Kwa hiyo niliandika Sharafat, Sharafat, lebo mia mbili na ushee, kwa mwandiko mzuri kuliko wake. Halafu zikaja CD za kompyuta, Haji akafunga duka, na sisi wenyewe hatukubakiza lebo hata moja. Nani huweka maganda ya karanga?

Kumbe wapo walioweka. Mahrukh alisema mjomba wake alikuwa na kaseti sita, hazichezi tena, amezipanga kabatini kwa ajili ya picha tu. Vijana wa chuo wakazipenda wakazua jambo: kila mmoja abuni gemu lisilokuwepo, alichoree boksi na lebo kwa mtindo ule wa zamani, kisha wafanye maonyesho. Upande mmoja wa ukumbi kazi za vijana, upande wa pili lebo thelathini na moja za Haji.

"Na wewe, Fundi, uwe mgeni wa heshima," akasema. "Tutaandika majina ya gemu za kubuni tuyatie kwenye bakuli, utachagua moja, na utalichorea lebo hapohapo mbele ya watu. Wanataka kuuona mkono wako."

"Inshallah," akasema Baba Nadra, kwa ile inshallah ya wanaume.

Mgeni alipoondoka nikatoka jikoni na kisu mkononi. Si kwa nia mbaya, nilisahau kukiweka.

"Zimetoka kwako," nikamwambia.

"Kwangu ni hapa. Si zilitoka hapa?"

"Usinifanye mtoto. Kakuuliza nani kazichora."

"Fundi yeyote angejibu hivyo. Mimi mwenyewe nilipaka miaka kumi chini ya fundi wangu, nyuso nzimanzima, na jina likawa lake. Ndiyo kazi ilivyo."

"Wewe ulikuwa mwanafunzi wake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wako? Nilijifunza nini kwako, kukoroma?"

Akajifanya hamnazo, akachukua gazeti. Gazeti lilikuwa la juzi.

Nina miaka sitini na minane. Sijawahi kudai makubwa, Nadra shahidi. Lakini siku ile niligundua kuna kitu nakitaka, na nikishakigundua sikuweza tena kukirudisha kilikokuwa. Nilitaka kabla sijafa mtu asimame mbele ya picha yangu aseme, hii kachora Sughra. Na nilitaka mtu huyo awe yeye. Na papo hapo nilikuwa sitaki aaibike mbele za watu, mzee wa miaka sabini na sita. Hayo mawili yalinichana moyo wiki mbili nzima, na matokeo yake aliyaona kwenye sahani. Nilimpikia dengu bila kuiunga, haina kitunguu, haina kitunguu saumu, haina bizari ya kukaanga. Alikula. Akafuta na sahani kwa mkate, na hilo likanikera zaidi.

Yeye akaanza kunyoa ndevu kila siku. Akapaka hina nywele, akatoa kizibao chake cheusi sandukuni akakianika. Watu wa mtaani wakaanza kumwita Fundi tena, na kila alipoitwa alinyooka kidogo. Mchana alijifungia chumbani na vikadi. Nikifagia nilikuwa nakuta mayai yaliyokanyagwa, thelathini, arobaini, amejaribu farasi, amejaribu mwezi, amejaribu hata ndege inapiga ndege.

Siku ya kumi akaja jikoni akakaa kwenye kigoda changu. Hajawahi kukaa pale.

"Mama Nadra, nifundishe."

"Kwa siku nne? Mimi mama yangu alinifundisha miaka kumi na moja."

"Basi kaa karibu yangu. Nikizidiwa, unaninong'oneza."

"Nikunong'oneze nini, mkono? Waambie ukweli, yaishe."

"Nikiwaambia, pale nitakuwa nani?" akasema. "Mabango yangu yote yalipakwa bango jingine juu yake, mengine yaliliwa na mvua. Nimekwenda kuangalia, hakuna hata moja. Dunia nzima jina langu liko kwenye zile lebo zako tu."

Nikamwambia aondoke kwenye kigoda nipike. Jioni ile dengu niliiunga, lakini sikumtazama.

Siku yenyewe ikafika. Tukaenda kwa riksha, yeye kizibao, mimi shela yangu ya kahawia. Ukumbi ulijaa vijana. Upande wa kushoto kulikuwa na maboksi yao, na lazima niseme walinichekesha: gemu la mama anayetafuta gesi ya kupikia mji mzima, gemu la msichana anayekimbizwa na mashangazi wenye picha za wachumba, gemu la mwendesha pikipiki anayepeleka biriani kabla haijapoa. Nyuma ya maboksi walikuwa wamechora zile picha nne ndogo, wamezipanga kama nilivyokuwa nikizipanga mimi. Nikajiuliza wamejifunza kwa nani, halafu nikakumbuka.

Nikageuka kulia.

Zilikuwa pale, zimetiwa kwenye fremu, kila moja na taa yake. Sikuwahi kuziona ukutani. Nilikuwa nazijua mezani, zikiwa bado mbichi, kisha zinaondoka. Daktari wa Radi nilimchora wiki aliyofariki mama yangu, ndiyo maana anga lote jeusi. Nyati wa Chuma wa Tatu nilimchora Nadra ana surua, mkono mmoja unachora, mmoja unamshika asijikune. Na Malkia wa Mapaa alikuwa katikati, kitambaa chake chekundu kinapepea, mguu mmoja hewani, na nikamwona ni mdogo mno, msichana wa miaka ishirini na kitu, hana hofu na lolote. Nililia pale nimesimama. Watu wakadhani ni mafua. Chini ya kila fremu kulikuwa na kikaratasi kilichochapwa: Sharafat Painter.

Wakamkalisha Baba Nadra mezani, mbele yake kadi ya kiganja, rangi, brashi nyembamba. Mimi nikakaa mstari wa mbele na wanawake. Mahrukh akaleta bakuli, Baba Nadra akachomoa karatasi, msichana akaisoma kwa kipaza sauti: Bibi Harusi wa Reli. Watu wakapiga makofi, simu zote zikainuka.

Akashika brashi. Mkono ambao nilikuwa nikiuona juu ya jukwaa la mianzi, upepo unavuma, hautikisiki, sasa ulikuwa unatetemeka kama wa mlevi. Tone la rangi likaanguka katikati ya kadi. Akalifuta kwa kidole, likatapakaa. Watu wakaanza kutazamana. Nilikuwa nimeombea siku hii. Wallahi nilikuwa nimeiombea, avuliwe nguo hadharani ajue ladha yake, na sasa iko mbele yangu siwezi kuistahimili hata dakika moja. Nikaanza kuinuka. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini, pengine kuzirai kwa makusudi.

Akanionyesha kiganja, nikae.

"Binti," akamwambia Mahrukh, "ule ukuta wa nyuma mna kazi nao?"

Ulikuwa ukuta mweupe mtupu. Mahrukh akasema hapana, walikuwa wanataka kuurushia picha za video tu.

"Na zile ndoo pale chini ya ngazi?"

Zilikuwa rangi zilizobaki walipopaka mbao za maonyesho, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Akavua kizibao. Akaomba brashi ya kupakia nyumba na matambara, akapanda ile ngazi ya hatua sita, na mimi nikasema Mungu wangu, huyu sasa atakufa na uongo wake.

Sikuwa nimemwona akipaka kwa miaka ishirini. Alianza na nyeusi, mikupuo mirefu ya bega zima, hapimi, hapigi mistari. Mkono haukutetemeka tena. Vijana waliacha kupiga picha wakabaki kutazama. Kwanza nywele zenye njia katikati. Kisha nyusi, kisha jicho moja, kubwa kuliko sinia la pilau. Alitumia tambara kwa mashavu, akachanganya nyekundu na nyeupe kwenye kifuniko cha ndoo. Mara tatu aliniita bila kugeuka, "Mama Nadra, maji," nami nikampelekea, kama zamani. Saa na robo ilipita, hakuna aliyetoka. Alipofika mdomoni akamchora ameng'ata brashi nyembamba kwa meno, na hapo ndipo nilipojua ni nani. Mimi ndiye ninayeng'ata brashi hivyo nikisubiri rangi ikauke. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kuniona nikifanya hivyo, isipokuwa yeye na Nadra.

Kwenye mabango wana sheria moja: nyota wa filamu ndiye mwenye uso mkubwa kuliko wote. Uso ule ulitoka sakafuni hadi darini.

Akashuka, amelowa jasho. Mwanaume mmoja mwenye mvi, nadhani ndiye yule mjomba wa kaseti, akauliza, "Fundi, mwigizaji gani huyu? Alicheza filamu ipi?"

"Hajacheza filamu," akasema Baba Nadra. "Anaitwa Sughra. Ni mke wangu." Jina langu, mbele ya ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake, na alilitamka taratibu ili wa nyuma wasikie. "Lebo zile zote kachora yeye. Binti huyu aliniuliza, nikasema ni zangu. Nilisema uongo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzibeba mpaka kwa Haji."

Halafu akanitafuta kwa macho. Nilikuwa na aibu, uso wangu ukubwa ule mbele ya watu baki, na nilikuwa na furaha mpaka kifua kinauma, na hasira nayo ilikuwa bado ipo, imekaa pembeni kidogo. Nilitembea mpaka kwake.

"Pua umeiongeza," nikamwambia.

"Sijaiongeza."

Nilimsamehe? Pale pale, nusu. Nusu nyingine nilitaka kuishughulikia kwanza.

Mahrukh alikuja mbio, miwani imejaa ukungu, anaomba radhi kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake. "Mama, kesho asubuhi tutachapa vikaratasi vipya vyote, vyenye jina lako."

"Kesho ni mbali, mwanangu. Nipe kalamu."

Akanipa ile kalamu nene nyeusi. Nikaenda kwenye fremu ya kwanza, nikakata Sharafat Painter kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika Sughra. Nikaenda ya pili. Za juu sikuzifikia, Baba Nadra akaleta kiti, akakishika kwa mikono yake miwili yenye rangi, nikapanda. Tukaenda hivyo ukuta mzima, nakata, naandika, nashuka, anasogeza. Vijana walitupisha. Hakuna aliyecheka, na mimi sikuwa na haraka.

Kwenye ya kumi na tisa akanigusa kifundo cha mguu.

"Hii ngoja."

"Ina nini?"

"Anga hili nilipaka mimi. Ulikuwa na homa, na Haji alikuwa anaitaka siku ileile."

Nikasogeza uso karibu. Chini kulikuwa na mistari yangu, myembamba, kila jani la mti na mshipa wake. Juu anga lilikuwa limekwaruzwa kwa brashi nene, buluu na rangi ya chungwa, machweo ya filamu ya mapenzi yaliyobanwa kwenye nusu ya kiganja. Lilikuwa lake kweli. Na halikuwa baya.

Nikaandika Sughra. Chini yake nikaandika: anga, Sharafat.

Akakisoma kile kikaratasi mara mbili, midomo inacheza.

"Sogeza kiti," nikamwambia. "Bado kumi na mbili."